Mkia wa Gari la Babu

Mwaka huu tumeombwa tuandike juu ya jambo ambalo kila mmoja amelifanya kwa mikono yake mwenyewe. Wenzangu wameandika kuhusu bustani za sukumawiki, ufumaji na ufugaji wa sungura. Mimi nitaandika juu ya springi na shokomzoba. Wanaotaka kucheka na wacheke sasa, kwa maana mbele hakuna kicheko kingi.

Babu yangu mzaa mama ana gari aina ya Peugeot 504, lile refu lenye mlango wa nyuma, ambalo zamani lilibeba abiria. Rangi yake ilikuwa nyeupe. Siku hizi ni vigumu kusema. Vijana wa leo huliona kama takataka, lakini mkaribie mzee yeyote aliyekuwa na macho miaka ile naye atakusimulia mpaka usiku uingie. Gari la aina hii lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 likachaguliwa kuwa gari bora la mwaka huko Ulaya. Hapa kwetu lilipata sifa kwa sababu nyingine. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda mashindano ya Safari Rally akiwa ndani ya 504, na mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya silinda sita. Kabla ya hapo kaka yake, yaani 404, alikuwa ameshinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Babu huzitaja tarehe hizi bila kukosea. Tarehe ya kuzaliwa kwangu huikosea kila mwaka.

Babu husema kwamba magari yaliyokuwa na nguvu kuliko 504 yalikuwa mengi, lakini yalivunjika njiani. Siri ya 504 iko miguuni. Springi zake ni laini na ndefu, gurudumu hushuka ndani ya shimo na kupanda tena huku bodi ikiwa imetulia kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Wafaransa hao waliifikiria barabara mbovu, nasi tunazo za kutosha.

Aliyekuwa akiliendesha ni Mjomba, mdogo wake Mama. Kazi yake ilikuwa kupeleka nyanya na kabeji kutoka kwetu Wundanyi hadi Voi. Wanaoijua barabara ya kushuka Mwatate wanajua ninachosema. Ni lami, lakini imejipinda kama nyoka aliyepigwa, upande mmoja mlima, upande wa pili ukitazama chini unaona vilele vya miti. Asubuhi huwa kuna ukungu na mvua nyepesi, na lami huteleza kama sabuni.

Sasa tuingie kwenye kosa langu.

Mwaka 2024 nikiwa kidato cha pili tulifundishwa Kanuni ya Hooke katika somo la fizikia. Mwalimu alining'iniza springi kwenye stendi, akatundika vipande vya uzito, nasi tukapima kwa rula. Ukiongeza uzito maradufu, springi hurefuka maradufu, mradi usiivushe mpaka wake. Katika jaribio lile nilipata alama 9 kati ya 10. Alama hizo ndizo zilizoniponza.

Wakati huohuo Mjomba alikuwa akilalamika. "Gari ikijaa nyanya," alisema, "nyuma inakaa chini kama kuku anayetaga. Taa zinamulika nyota."

"Mjomba, si tukaze springi?"

"Tuzikaze vipi, mpwa wangu?"

Nikamweleza. Sokoni Voi huuzwa vipande vya raba ngumu vya kupachikwa katikati ya mizunguko ya springi. Mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, na ile michache iliyobaki inakuwa migumu zaidi, kwa hiyo gari linainuka na halizami likipakiwa. Gari hili refu lina springi nne nyuma, mbili kila upande. Raba nane zingetutosha. Mjomba alizinunua wiki hiyohiyo.

Tulikwenda kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mwembe kando ya barabara. Alilala chali chini ya gari, akachungulia, kisha akatoka na kusema, "Hizi shoki zote zimekufa. Angalia, zinavuja mafuta. Anza na hizo, raba ni baadaye."

Mimi nikamjibu mbele ya watu wote waliokuwapo. "Lakini fundi, shokomzoba haibebi uzito. Kinachobeba uzito ni springi."

Fundi alinitazama. Akafuta mikono kwa kitambaa chake, polepole, kisha akamwuliza Mjomba, "Huyu anasoma?"

"Anasoma sana," Mjomba akajibu kwa fahari.

Raba zikatiwa. Mkia wa gari ukapanda juu mpaka likafanana na jogoo. Majirani walilisifu. Likiwa limepakiwa kabeji lilisimama wima, wala taa hazikumulika nyota tena. Kwa majuma mawili nilitembea kijijini kama mhandisi.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba mwaka huohuo wa 2024. Siku hiyo hatukuwa na mzigo wa maana, makreti mawili tu ya nyanya, kwa kuwa safari yenyewe ilikuwa ya kumpeleka Mama Voi kununua vitu vya Krismasi. Mama aliketi mbele, mimi nyuma pamoja na makreti. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mjomba hakuwa akienda mbio. Nalisema hili mara ya kwanza hapa na nitalisema mahali popote nitakapoulizwa: hakuwa akienda mbio.

Kuna kona moja ya kushoto ambayo lami yake ilikuwa imeanza kumomonyoka, imetiwa viraka juu ya viraka. Mjomba alikanyaga breki kidogo, akaingia. Nilisikia tairi za nyuma zikigonga kiraka, tu-tu-tu-tu, kama mtu anayepiga ngoma kwa vidole, kisha mlio ukanyamaza. Huo ukimya ndio nisioweza kuusahau. Tairi zilikuwa hazigusi chini. Zilipogusa tena, mkia ulikuwa umeshatoka nje ya njia. Mjomba alizungusha usukani upande huu na upande ule, gari likageuka likalala kukingama barabara, na gurudumu moja la nyuma likaning'inia ukingoni. Jiwe kubwa chini ya chasisi ndilo lililotushika. Kreti moja lilifunguka, na mlango wa nyuma pia, nikaziona nyanya zikidunda kwenda chini kwenye miti, moja moja, bila haraka.

Mama alikuwa amejikinga kwa mkono. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika.

Jioni Babu alikuja na fimbo yake. Gari lilikuwa limekwisha kuvutwa hadi nyumbani. Aliinama akachungulia chini kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nani ametia raba kwenye gari yangu?"

Kijasho chembamba kilinitoka. Nilifungua kinywa, lakini Mjomba alinitangulia.

"Ni mimi, Baba."

Babu akanyosha mkono. Mjomba akampa funguo. Basi, hakuna neno jingine lililosemwa.

Msomaji, yatakuwa yamekupata nawe, kwamba mtu amejitwika kosa lako na wewe ukamwachia. Mwanzoni nilijiambia kwamba nitasema kesho. Kesho nikasema baada ya Krismasi. Mama alikuwa na plasta mpaka karibu na kiwiko, hakuweza kukamua ng'ombe wala kusonga sima, kwa hiyo nilizifanya kazi zile zote na kujidanganya kwamba ninalipa deni. Lakini deni halikuwa la Mama peke yake. Mjomba bila gari hakuwa na kazi. Nilimwona akibeba kabeji za watu mgongoni hadi stendi kwa malipo ya siku. Shule zilipokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, mtoto wake wa kwanza alikuwa hajanunuliwa sare. Na kila aliponiona, Mjomba aliniuliza habari za masomo.

Nilikwenda kwa Babu jioni moja kabla ya shule kufunguliwa. Alikuwa barazani akimenya maharagwe. Nilimwambia yote, pamoja na maneno niliyomjibu fundi. Nilitarajia fimbo.

Babu aliendelea kumenya. Baadaye akauliza, "Zile raba ziko bado?"

"Ziko, Babu."

"Kazitoe. Usimtume mtu."

Akaingia ndani, akarudi na funguo, akanipa nimpelekee Mjomba.

Kwa hiyo kuanzia Januari 2025, kila Jumamosi mchana na kila Jumapili baada ya ibada, nilikuwa chini ya mwembe wa yule fundi mzee. Nilimwomba radhi siku ya kwanza. Alisema, "Shika jeki," na hiyo ndiyo ilikuwa msamaha.

Jambo la kwanza alilonionyesha halihitaji hata spana. Alisimama kwenye kona ya gari, akaegemea bodi kwa uzito wake wote, kisha akaiachia ghafla. Gari lilipanda, likashuka, likapanda, likashuka tena. "Hesabu," akasema. Nilihesabu mara tano. Gari zima linatakiwa lipande mara moja na kutulia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maneno yangu siku ile yalikuwa kweli, lakini nusu ya kweli. Shokomzoba haibebi uzito, naam. Lakini springi haina akili ya kunyamaza. Ukiisukuma, huihifadhi nguvu ile yote na kukurudishia, kisha huendelea kurukaruka mpaka ichoke. Ndani ya shokomzoba mna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo sana. Mafuta yakilazimishwa kupita humo, mrusho ule hugeuka kuwa joto. Ukiigusa shokomzoba nzima baada ya barabara mbaya, utaikuta ina joto. Hiyo ndiyo inayoirudisha tairi chini na kuibakiza hapo. Na springi ikiwa ngumu zaidi hurudisha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo huhitaji shokomzoba yenye nguvu zaidi. Mimi nilikuwa nimeikaza springi juu ya shokomzoba iliyokufa. Isitoshe, nilikaza nyuma tu. Gari likiingia kona uzito huhamia magurudumu ya nje, na ule upande uliokazwa zaidi, wa mbele au wa nyuma, ndio unaozibebesha tairi zake kwa pupa na kuteleza mapema. Nilikuwa nimelipangia teleza ya mkia bila kujua. Ongeza kwamba tulikuwa tumeliinua, likawa na kichwa kizito kwenye kona. Kwamba siku ile halikuwa na mzigo. Kwamba breki kwenye mteremko huuvuta uzito mbele na kuuacha mkia mwepesi. Na kwamba nyuma ya gari hili refu kuna ekseli moja isiyopinda, gurudumu moja likiruka, la pili halina raha. Kanuni ya Hooke haikukosea hata kidogo. Mimi niliitumia kama mtu anayejua herufi moja na kudai amesoma barua.

Nilimsimulia mwalimu wetu wa fizikia, akanipa makala nisome juu ya yale magari ya Kimarekani yenye injini kubwa ya miaka ya sitini. Ford Mustang lilitolewa mwezi wa Aprili 1964, zuri la kutazama, lakini lilikuwa la kwendea kanisani kuliko la kona. Carroll Shelby alipotaka kuligeuza liwe la mashindano mwaka 1965, gari lililoitwa GT350, watu wake hawakuanza kwa kuliinua kama sisi. Mikono ya juu inayoshika magurudumu ya mbele waliishusha kwa inchi 1 pale inapofungwa, ili tairi ikanyage lami vizuri gari linapolala kwenye kona. Wakatia fimbo nene zaidi mbele ya kuzuia bodi isilale. Wakatia shokomzoba za Koni. Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya. Watu wenye injini kubwa kuliko darasa letu walihangaikia inchi moja, ilhali mimi nilipachika raba nane bila kupima kitu.

Sasa kazi yenyewe. Tulizitoa springi zote za nyuma tukazisimamisha sakafuni. Mbili za upande wa kulia zilikuwa fupi kwa upana wa kidole, maana zimechoka. Fundi alikataa tubadilishe hizo mbili tu. Springi hubadilishwa kwa jozi kushoto na kulia, vinginevyo gari huegemea. Tulipata nne nzima kutoka kwa gari lililovunjwa Voi. Shokomzoba tulinunua mpya, mbele na nyuma. Pesa zilitoka kwa Babu nusu, kwa Mjomba robo, na robo yangu niliilipa kwa kubeba mchanga wa ujenzi likizo ya Aprili. Mabega yangu yanakumbuka.

Mbele, springi imekaa juu na shokomzoba imepita katikati yake, na kuifungua ni kazi ya hatari. Springi ile imebanwa, ikiruka inaweza kuua mtu. Fundi aliifunga kwa vibano viwili vya skrubu na kunisimamisha mbali. Ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ilikuwa nzima, lakini bushi zake zilikuwa zimeliwa hadi fimbo inacheza ndani kama mwanzi. Kumbe kwa miaka ilikuwa haifanyi kazi yake, na sisi tunalaumu springi.

Bushi zilinifundisha jambo jingine ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha shule. Bushi ni raba iliyogandishwa kwenye chuma, nayo hujinyonga mkono unapopanda na kushuka. Ukiikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, raba hufungwa ikiwa katika hali ya kuning'inia. Ukilishusha gari inabaki imejinyonga siku zote na kuchanika mapema. Lazima kwanza gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo ukaze. Fundi aliniambia hivyo nikiwa nimeshakaza moja, ya mbele kushoto. Nilidhani nimeilegeza.

Mwishowe alipima magurudumu kwa uzi. Alifunga uzi nyuma, akaupitisha ubavuni mwa tairi zote mbili za upande mmoja mpaka mbele, akatazama kwa jicho moja, akageuza skrubu ya usukani kidogo, akatazama tena. Voi kuna mashine ya kazi hiyo. Baadaye Mjomba alilipeleka, na mashine haikuwa na la kuongeza.

Mkia wa gari ulikuwa umeshuka. Majirani waliuliza mbona tumeliharibu.

Safari ya kwanza ya familia ilikuwa mwishoni mwa Aprili 2025. Babu alikuwa na shughuli Voi, akaketi mbele. Mama alikaa nyuma pamoja nami, mkono wake umepona ila hauzunguki vizuri akisokota kifuniko cha chupa. Kulikuwa na manyunyu kama siku ile. Tulipokaribia ile kona hakuna aliyesema neno. Mama alinishika mkono kwa ule mkono wake.

Viraka vilikuwa palepale. Gari lilishuka, likapanda, likatulia. Mara moja. Bodi ililala kidogo kama 504 zote, tairi zikabaki chini, na kona ikapita. Nilimsikia Mjomba akitoa pumzi. Kichwa cha Babu kilikuwa kimeegemea kioo.

"Amelala?" Mama akanong'ona.

"Amelala," Mjomba akajibu.

Tuliteremka kona zote zilizobaki hivyohivyo, mpaka tukaingia Mwatate kwenye tambarare. Hapo Babu akafumbua macho, akasikiliza.

"Bushi ya mbele kushoto inalia," akasema. "Nani aliikaza?"

Mjomba alinitazama kwenye kioo, nami sikungoja anitangulie.

"Ni mimi, Babu."